Shangazi, mama hataki tena kutoka na sisi

Shikamoo Shangazi. Mimi naishi Mkolani hapa Mwanza, ni mtoto wa tatu kati ya watano, na mama anaishi na mimi tangu baba afariki, ana miaka 74. Naandika usiku huu yeye kalala chumba cha pili na mimi nimetoka kulia jikoni, maana leo nimemjibu vibaya kwenye bajaji mbele ya dereva na toka tumefika nyumbani hajanisemesha kitu zaidi ya "nimeshiba".

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mama alikuwa mtu wa watu. Kwao ni Kisesa, alivyoolewa akaja mjini akauza dagaa Mwaloni Kirumba miaka zaidi ya ishirini na tano, ametusomesha wote kwa dagaa. Kwenye sherehe ndo alikuwa anaanzisha vigelegele, hata harusi za majirani walikuwa hawamuachi kwenye kamati ya chakula. Sasa hivi kila tukipanga kutoka naye inageuka kesi.

Mwaka jana ilikuwa sendofu ya binti wa kaka yangu mkubwa, ukumbi uko maeneo ya Buzuruga. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni na sisi kama wajinga tukafika saa kumi na mbili. Binti kaingia saa tatu na nusu. Mama anatumia dawa za presha na sukari, alizinywa nyumbani saa kumi na moja tukijua atakula ukumbini. Wametuweka meza ya mbele kabisa ya wazee, heshima kweli, ila spika iko pembeni yetu kubwa kama kabati. MC anaita "bibi mzaa baba yuko wapi, bibi asimame atupungie mkono", mama hasikii, MC anarudia, watu wanacheka, nikamgusa bega akasimama kwa kushtuka nusura aanguke na meza. Kwenye saa nne hivi akaanza kutoka jasho, kanga imelowa mgongoni, vidole vinatetemeka, ananiuliza "baba yenu ameshafunga banda la kuku?" Shangazi, baba amefariki miaka sita sasa. Nilichanganyikiwa. Kuna dada nesi alikuwa meza ya nyuma ndo akaja mbio akasema mpeni soda haraka, akanywa, baada ya kama robo saa akarudi kwenye akili yake. Chakula kimeanza kupakuliwa saa tano kasoro. Na bado kaka alininunia wiki nzima eti tumeondoka kabla ya keki na picha za familia.

Alafu kuna Saanane. Mdogo wangu wa kiume alikuja likizo kutoka Dar, akasema anatutoa wote, akalipia kila mtu, tukaenda pale Capri Point kwenye boti za hifadhi. Watoto wameshavaa yale majaketi ya kwenye boti, mama kasimama gatini kamshika mkono mjukuu hataki kumuachia. "Nendeni, mi nawasubiri hapa." Mdogo wangu akambembeleza, mama kisiwa chenyewe si kile pale unakiona, ni dakika chache tu, mwisho akaanza kufoka kwamba mama anatuaibisha. Mama akaenda kukaa kwenye jiwe, kimya. Nikabaki naye karibia masaa matatu na jua lile, maji nikampa akakataa, soda akakataa. Yani siku hizi tukiwa na safari hata chai ya asubuhi hanywi, anasema tumbo limejaa, na anavaa kanga tatu joto lote hili, ukimwambia apunguze anakuwa mkali.

Leo nikasema ngoja nimtoe mwenyewe, mimi na yeye tu bila kelele za watu. Tukaenda sehemu moja ya kula pembeni ya ziwa upande wa Luchelele, pametulia, upepo mzuri, nimeagiza sato mzima wa kuchoma. Haijafika hata dakika ishirini mama ananiambia twende nyumbani. Samaki bado yuko jikoni. Nikamwambia mama subiri basi kidogo, akasema twende. Nikafungiwa samaki kwenye foili, na kwenye bajaji hasira zikanipanda nikamwambia "mama wewe hata ukipelekwa mbinguni utataka kurudi Mkolani". Dereva akacheka. Mama akageukia nje mpaka tunafika.

Sasa mwezi wa saba anatimiza 75. Kaka mkubwa ameshafungua michango kwenye grupu la WhatsApp, kila mtoto laki tatu, kuna ukumbi, MC, sare za kitenge, mpaka droni ya kupiga picha. Mama aliposikia akasema "hizo hela mniwekee za jeneza". Kitu anachoomba yeye ni kimoja tu, kila wiki, "nipelekeni Mwaloni nikachague dagaa", na sisi tunacheka maana dagaa wanauzwa hapa hapa getini kwetu. Dada zangu wanasema kazeeka, aachwe apumzike nyumbani. Mimi siamini, kwa sababu jioni akiwa na wajukuu anasimulia na kucheka mpaka anafuta machozi. Nimlazimishe? Nimuache? Nakosea wapi?

Mtoto wa Tatu, Mkolani

*

Marahaba mwanangu. Futa machozi kwanza maana kulia jikoni usiku hakumsaidii mama wala hakukusaidii wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimeshika kalamu, na kuna vitu vitatu nimevipigia mstari ambavyo wewe umevitaja juu juu kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Siku ya safari hanywi chai. Anavaa kanga tatu. Na leo dakika ishirini tu anataka nyumbani. Sasa nakuuliza, pale Luchelele choo kiko wapi? Ulikiona? Cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kina ngazi? Maana mi nabashiri mama alishakitafuta kwa macho toka mnakaa, hakukiona, au alikiona kiko ng'ambo ya wahudumu na vijana wanaokunywa, akaanza kuhesabu dakika.

Naweza kuwa nakosea, mi si daktari na mama yako sijamuona. Ila nimekaa na mama mkwe wangu miaka tisa na hizo kanga tatu nazijua. Ya ndani inakunjwa mara mbili inakaa kama nepi, ya pili inaficha ya kwanza, ya tatu ndo ile ya watu waione. Na kutokunywa chai ni hesabu tu, asipoingiza hatatoa. Mwanamke aliyekaa sokoni miaka ishirini na tano akitukanana na madalali hatakwambia wewe mtoto wake kwamba mkojo unamponyoka. Atakwambia tumbo limejaa. Atakwambia twende nyumbani. Atakubali aonekane msumbufu, asiye na shukrani, bora tu lile lingine lisijulikane.

Kwa hiyo usimuulize mbele ya mtu, na tafadhali usilipeleke kwenye grupu la familia. Subiri mkiwa wawili, labda unamsuka au mnachambua mchele, anza na ya kwako wewe. Mwambie mama tangu nimzae yule wa mwisho nikipiga chafya tu nimeumbuka, hivi na wewe ilikuwaga hivyo? Kama haijakutokea tafuta namna yako, lengo ni yeye aone kwamba hilo neno linasemeka humu ndani. Akishasema, mpeleke hospitali. Watu wanadhani ni uzee tu basi, kumbe inaweza kuwa UTI, inaweza kuwa sukari imepanda maana sukari ikiwa juu mtu anakojoa sana, kuna dawa za presha zenyewe kazi yake ni kukojosha maji, na kuna misuli ya chini ambayo imechoka kwa kuzaa nyinyi watano. Nyingi ya hizo zina tiba, au angalau zinapunguzwa, hata mazoezi tu ya kubana na kuachia ile misuli unayobania mkojo yanasaidia akiyafanya kila siku kwa wiki kadhaa. Kuhusu dawa ya presha, muulizeni daktari kama siku ya safari anaweza kuinywa muda mwingine, msijiamulie wenyewe kuiruka. Na hilo la kutokunywa maji alikomeshe kabisa, mkojo ukiwa mzito ndo unazidi kumsumbua kibofu, choo kubwa inakuwa ngumu, na mzee wa dawa za presha akikaukiwa maji anasimama anaona kizunguzungu, hapo anavunja nyonga bure.

Huku mnasubiri siku ya daktari, mnatoka hivyo hivyo. Pedi za watu wazima zinauzwa famasi, nunua wewe, weka kwenye droo yake bila hotuba. Kwenye mkoba beba kanga ya akiba, tishu, kimfuko cheusi, na tochi ya simu iwe na chaji. Mkifika sehemu wewe ndo unaanza, "mama mi nimebanwa, nisindikize", mnaenda wote, anakiona choo kilipo, roho yake inatulia. Baada ya saa moja unabanwa tena. Wewe ndo uonekane mwenye kibofu kibovu, utapungukiwa nini?

Sasa lile la sendofu. Yule nesi Mungu ambariki, inaelekea aliwahi kugundua sukari imeshuka. Kuna vidonge vya sukari, na sindano za insulini, ukishatumia lazima chakula kifuate, sasa nyie mmempa dawa saa kumi na moja halafu chakula saa tano kasoro usiku, kwa ratiba ya MC! Jasho, kutetemeka, kuongea vitu vya zamani, hapo hakuna kusubiri, ni nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile ya kopo isiyo na sukari, au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, mnamuangalia robo saa, akitulia anakula chakula kabisa. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu mdomoni, ni hospitali moja kwa moja. Na mwambieni daktari wake kwamba ilitokea, huenda dozi inahitaji kuangaliwa, najua hamjamwambia. Kuanzia leo mama haendi ukumbini bila hotipoti. Ndio, hotipoti, kwenye sherehe ya mtoto wenu wenyewe, viazi vitamu na kipande cha samaki, saa yake ikifika anakula na asiyependa aangalie pembeni.

Spika nayo. Sikio la mzee haliwi tu dogo kama redio uliyopunguza, linaanza kupoteza zile sauti nyembamba, za watoto, za wanawake, zile s na f na t, kwa hiyo muziki ukiwa juu yeye anabaki na mngurumo tu na maneno yote yanapotea humo. MC anaita bibi, bibi hajui anaitwa, ukumbi unacheka. Fikiria ni wewe. Mezani kwa heshima mbele pale hapafai, muwekeni ubavuni, mgongo kwenye ukuta, mtu anayeongea naye amwangalie usoni bila kupiga kelele. Na masikio yakaangaliwe nta, wakati mwingine ni uchafu tu. Alafu kamati iombwe kitu kimoja, baraka za bibi ziwe za mwanzo mwanzo. Aje muda ambao binti kweli anaingia, si muda wa kwenye kadi, sote tunajua kadi za Mwanza ni hadithi. Abariki, apige vigelegele vyake, picha, saa moja na nusu imetosha, dereva wa bajaji mnayemjua anamrudisha na mjukuu mmoja mkubwa. Keki atatunziwa.

Nije Saanane, na hapa nina ugomvi kidogo na mdogo wako wa Dar.

Mama alikuwa Mwaloni mwaka 1996? Kwa hesabu zangu alikuwa na miaka arobaini na kitu, alikuwepo. Tarehe 21 Mei asubuhi, meli ya MV Bukoba imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, imebakiza kidogo kufika, ikazama. Mamia ya watu. Sisi tuliokuwa Mwanza siku zile tunajua mji ulikuwaje, tunajua waliozikwa Igoma ambao wengine hata majina yao hayakujulikana, nyumbani kwetu baba yangu alikataza samaki kuingia jikoni muda mrefu sana. Halafu 2018 mwezi wa tisa, tarehe 20, kivuko cha MV Nyerere nacho kikapinduka kule Ukara, tena karibu na nchi kavu, watu wanaona. Sasa mdogo wako anasimama gatini anamwambia mama "kisiwa si kile pale". Mwanangu, na meli ile nayo ilikuwa pale tu. Mama hakumshika mjukuu mkono ili kuwaaibisha, alikuwa anamzuia asiingie majini, akashindwa kusema, akakaa kwenye jiwe masaa matatu anawasubiri mrudi wazima. Mwambie mdogo wako apige simu amuulize mama siku ile alikuwa wapi. Amuulize tu na anyamaze asikilize.

Boti muiache kabisa, wala msimrubuni. Kama mnataka awe na ziwa, lipo daraja. Toka Mkolani mnashika Buhongwa, Usagara, mpaka Kigongo, mnavuka kwenda Busisi juu ya lile Daraja la Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za maji kushoto na kulia na hajakanyaga chombo. Kama aliwahi kwenda Sengerema kufuata mzigo ataanza mwenyewe kuwasimulia foleni za pantoni, jua, mahindi ya kuchoma, watu kulala pale. Mumkalishe mbele, gari iende taratibu, mkifika ng'ambo mnakunywa kitu mnageuza. Choo mpitie sheli mkiwa njiani, wewe ndo umebanwa. Saa sita mchana mko nyumbani. Na kama gari ni ya juu juu bebeni kigoda cha kukanyagia, maana ile kumsukuma mama kwa nyuma apande Noah huku majirani wanaangalia, hamna anayeipenda.

Alafu Mwaloni. Hapa ndo nilitaka kuzaba mtu kofi. Mzee anawaambia kila wiki anataka kwenda wapi, nyie mnacheka, mnampeleka kwenye sato wa foili. Unadhani anataka dagaa? Dagaa si wapo getini kama ulivyosema. Anataka pale mahali ambapo akiingia mtu anaitika jina lake. Luchelele yeye ni bibi mmoja mgeni anayeulizwa "mama atakula nini?" na mhudumu anakuangalia wewe. Kwenye sendofu ni bibi asimame atupungie mkono. Hata kwako Mkolani, samahani, ni mgeni wa heshima. Mwaloni ni mtu anayejua kazi.

Sasa mpeleke vizuri. Angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, kwa hiyo chagua siku za giza, na hilo nalo usijifanye unajua, muulize yeye "mama giza linaanza lini?" uone uso wake utakavyokuwa. Nendeni asubuhi lakini ile vurugu ya kwanza ya kushusha mizigo muipishe, pale wabeba mizigo na matoroli yao hawana breki na chini panateleza, avae viatu vya kufunga aache kandambili. Kigoda mbebe. Muda wa kuchagua usimharakishe. Utamuona anachota konzi, anawamwaga kwenye kiganja kingine akisikiliza kama kuna mchanga, anavunja mmoja kichwa ananusa, anakwambia hawa wameanikwa chini hawa, wale pale ndo wa kwenye chanja. Atagombana bei. Mwache agombane! Usije ukamwambia mama bei zimepanda siku hizi, na usitoe simu kulipia haraka haraka ili muondoke, hela mpe ashike mwenyewe mkononi. Kama wapo wenzake wa zamani, au watoto wao wamerithi vizimba, kaa pembeni na soda yako. Hapo hutasikia "twende nyumbani" mpaka wewe uchoke.

Bujora pia msiipite, ndo kwao Kisesa. Lile jumba la makumbusho ya Wasukuma ambalo lilianzishwa na Padre David Clement, yule Mkanada. Nendeni siku ya kawaida, na wajukuu. Mwongozaji atataka kueleza kinu na mitungi na ngoma, nyie mwombeni kwa adabu amuachie bibi aeleze kidogo. Ngoma za Bulabo zinapigwa mwezi wa sita, kwenye sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana, ni mchana na ni uwanja wa wazi, ila watu ni wengi mno, kama choo bado hakijapata ufumbuzi subirini mwaka mwingine.

Imebaki hiyo birthday ya droni. Kaka yako mkubwa usipambane naye kwenye grupu, wewe ni wa tatu, utaambiwa unajifanya mama ni wako peke yako. Muone ana kwa ana, au mtumie mjomba ambaye kaka anamheshimu, na usianze na "mama hataki", anza na ile jasho ya sendofu, mwambie kaka mimi naogopa tutampoteza mama ukumbini. Ataelewa, hakuna mtoto mkubwa anayetaka hilo liandikwe kwake. Halafu mwachie kitu chake, sare ya kitenge iwepo, mpiga picha awepo, MC hata akitaka awepo ila bila spika ya harusi.

Fanyeni nyumbani, mchana, saa nne mpaka saa nane, turubai moja uani. Tarehe isiwasumbue, nabashiri kitambulisho chake kinasema tarehe moja mwezi wa saba kama wazee wengi wa huku ambao hakuna aliyeandika siku walipozaliwa, kwa hiyo chukueni Jumamosi yoyote ambayo yeye anajisikia. Watu thelathini, na orodha aitaje yeye, usishangae nusu ni wa Mwaloni na wa jumuiya na wengine hamuwajui. Chakula pia aseme yeye. Ugali wa udaga, ule wa muhogo, sato wa nazi au mchemsho, mlenda, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, hayo mambo ya pilau na kuku wa mfupa mmoja mpunguze. Asikae kwenye kochi lenye mapazia kama mwali, kiti chake kiwe mlango wa jikoni pale anapoona masufuria, atoe amri, aonje chumvi, amfukuze mtu. Hela itabaki, laki tatu mara tano si mchezo, kwa hiyo wekeni choo cha kukaa hapo kwako kama hakipo, na vyuma viwili vya kushikilia ukutani, na taa ya kolido. Kwa mama hiyo ndo zawadi, ila siku ya sherehe msiitangaze.

Kuhusu ile kauli ya bajaji, usiandae hotuba. Kesho asubuhi mpelekee chai, kaa kitandani kwake, mwambie "mama jana nilikosea, nisamehe". Akikwambia "yameisha", basi yameisha, usianze kujieleza. Na uwaambie ndugu zako kila mmoja ana zamu, hata mara moja kwa mwezi, wewe unachoka ndo maana ulimi ukateleza, huwezi kuwa mlezi na dereva na mbeba mkoba na mtu wa kununiwa na kaka, vyote wewe.

Giza likianza, mkienda Mwaloni, mwambie mama kuna Shangazi mmoja anaomba achaguliwe kisado kimoja cha dagaa wa chanja wasio na mchanga. Bei atakayoipata yeye, nitalipa hiyo hiyo.